Swali la Mtihani ndilo Somo: Ufundishaji na Upimaji katika Idara za Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mitihani, wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hufanya utafiti ambao hakuna mhadhiri aliyewatuma kuufanya. Hukusanya karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, wakazilinganisha, wakahesabu swali lipi limerudi mara ngapi, kisha wakagawana kazi ya kuandaa majibu. Majibu hayo hutolewa nakala na kusambazwa mabwenini. Wanafunzi wa Tanzania huyaita madesa. Wenzao wa Kenya wana neno mwakenya kwa kile kijikaratasi kinachoingizwa kwa siri katika chumba cha mtihani, jina lililotwaliwa kutoka kwa chama cha siri cha kisiasa cha miaka ya 1980. Na mwanaisimujamii angepata hapo mhadhara mzima juu ya jinsi msamiati unavyozaliwa. Lakini madesa si wizi. Ni matokeo ya utafiti wenye data, wenye ulinganishaji, na wenye hitimisho linaloweza kuthibitishwa siku ya mtihani. Mara nyingi hitimisho hilo huwa sahihi: swali la "Fasihi ni nini? Jadili dhima zake katika jamii" limerudi tena, na aliyekariri dhima saba ameandika saba.

Jambo hili hulalamikiwa kuwa ni uvivu wa wanafunzi. Likitazamwa kwa makini, hata hivyo, linaonyesha kwamba wanafunzi wameisoma idara yao vizuri kuliko idara inavyojisoma yenyewe. Muhtasari wa kozi unaweza kutamka kwamba mwanafunzi atakapomaliza ataweza kuchambua, kulinganisha na kuhakiki. Karatasi ya mtihani ikimtaka akumbuke tu, atakumbuka tu, naye atakuwa amefanya lililo la busara. John Biggs, katika makala yake ya mwaka 1996 ambayo imenukuliwa sana na wataalamu wa elimu ya juu, alishikilia kwamba malengo ya kozi, shughuli za darasani na upimaji havina budi kuelekea upande mmoja, kwa sababu mwanafunzi hujifunza kile anachotarajia kupimwa. Dai hilo ni la somo lolote. Katika idara ya Kiswahili lina uzito wa pekee, kwa sababu ya hali ambayo haipo katika idara ya fizikia wala ya sheria: mwanafunzi anaingia darasani akiwa tayari anakijua kile kinachofundishwa. Amekisema Kiswahili tangu utotoni, au walau tangu shule ya msingi. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kukitazama anachokisema. Swali linalomtaka arudishe fasili ya mtaalamu fulani linamwambia auache mlangoni ujuzi aliokuja nao, kisha aingie mikono mitupu kusema maneno ya watu wengine.

Mazoea ya fasili yalikotoka

Haitakuwa haki kuwalaumu wahadhiri bila kuitazama historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata kuwa chuo kamili mwaka 1970, baada ya kuvunjwa kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka huohuo, na isimu na fasihi zikaanza kufundishwa humo kwa Kiswahili chenyewe. Kazi ya kwanza ilikuwa kupata maneno. Mhadhiri aliyesimama kufundisha juu ya fonimu alilazimika kusema fonimu ni nini, polepole, wanafunzi wakiandika, kwa kuwa vitabu vya kusomea hayo kwa Kiswahili vilikuwa haba mno. Imla ndiyo iliyokuwa kitabu. Kukariri fasili kulikuwa pia kushiriki katika kazi ya kuijenga lugha ya taaluma, na si jambo la kuchekwa.

Hali hiyo imebadilika. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Kamusi ya Fasihi ya K.W. Wamitila ikatoka mwaka 2003; na vitabu vya sarufi, nadharia na uhakiki sasa vipo, ingawa si katika kila maktaba na si kwa idadi ya wanafunzi waliopo. Mahitaji yaliyoizaa imla yamepungua, ila imla yenyewe imesalia na imehamia katika slaidi za kompyuta. Fasili iliyokuwa ikisomwa kwa sauti sasa huangazwa ukutani, nayo hunakiliwa vilevile.

Matokeo yake hayaishii chuoni. Wahitimu wengi wa Kiswahili huwa walimu wa shule za sekondari, na mwalimu hutunga maswali kwa mfano wa yale aliyoulizwa yeye. Fasili iliyokaririwa chuoni huandikwa ubaoni miaka michache baadaye mbele ya kidato cha tatu. Na mwanafunzi wa kidato hicho huja chuoni akiamini tayari kwamba kukijua Kiswahili ni kuzijua fasili zake. Mwalimu wa sekondari anafundisha akiutazama mtihani wa taifa ambao hakuutunga. Mhadhiri hutunga mtihani wake mwenyewe. Katika mzunguko wote huo, yeye ndiye mwenye kalamu.

Marafiki zangu wamefika

Mfano mmoja utafaa kuliko maelezo mengi. Tuseme kozi ni ya mofolojia na mada ni ngeli za nomino. Swali la kawaida husema: "Eleza maana ya ngeli, kisha jadili vigezo viwili vinavyotumika kuainisha ngeli za Kiswahili." Jibu lake limo katika kila desa. Kigezo cha kwanza ni umbo la nomino, yaani viambishi vyake vya umoja na wingi, ambavyo wanaisimu wa Kibantu huvipa namba. Kigezo cha pili ni upatanisho wa kisarufi, yaani A-WA, KI-VI, LI-YA na kadhalika, ambao mwanafunzi wa Kenya ameujua tangu shuleni. Mwanafunzi anaorodhesha, anatoa mifano ileile ya mtu, mti na kitu, anataja udhaifu wa kila kigezo kama alivyouandika darasani, na anapata alama 14 katika 20. Hakuna ajuaye kama ameelewa.

Swali hilihili laweza kuulizwa hivi. Mwanafunzi anapewa sentensi sita: Marafiki zangu wamefika. Viongozi wetu wamefika. Kipofu yule amefika. Kijitu kile kimefika. Jirani yangu mwema amefika. Kiti kile kimevunjika. Kisha anaambiwa: "Kwa kutumia sentensi hizi, onyesha mahali ambapo kila kigezo cha kuainisha ngeli kinafanikiwa na mahali ambapo kinakwama. Pendekeza maelezo."

Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo ambayo mwanafunzi hajapata kuisema, au inayofanana nayo. Lakini mara ya kwanza anapotakiwa kuitazama ile ya kwanza, huwa kama mtu aliyeonyeshwa kisogo chake. Katika maneno matatu mna ngeli tatu. Umbo la ma- ni la ngeli ya 6. Zangu ni ya ngeli ya 10. Wa- ya kitenzi ni ya ngeli ya 2. Anayeshika kigezo cha umbo atasema nomino hii ni ya ngeli ya 6, na atashindwa kueleza kwa nini hakuna mtu asemaye "marafiki yangu yamefika". Anayeshika upatanisho atauliza: upatanisho upi? Kitenzi kinamsikiliza kiumbe mwenye uhai, ilhali kimilikishi kinasikiliza kitu kingine. Na kwa nini viongozi ni wetu lakini marafiki ni zetu? Kwa nini kipofu anapewa a- ilhali kijitu, ambacho ni mtu pia, kinabaki na ki-? Hapo uhai haukutosha; dharau au udogo umeushinda.

Utunzi wa swali la namna hii hurahisisha pia mwongozo wa kusahihishia, jambo ambalo wahadhiri wengi hawalitarajii. Jibu dhaifu litaandika fasili za ngeli, kisha litazitaja sentensi bila kuzigusa; hilo lisipewe zaidi ya alama 6, hata likijaza kurasa tano. Jibu la wastani litaona kwamba kipofu ana umbo la KI-VI na upatanisho wa A-WA, na litaeleza kwamba uhai ndio sababu. Jibu zuri litakigundua kijitu na kukiri kwamba maelezo ya uhai hayatoshi. Jibu bora litatenganisha upatanisho wa kitenzi na ule wa kimilikishi, na pengine litabuni kwamba rafiki, lililo neno la asili ya Kiarabu, liliingia lugha bila kiambishi na kuchukua vimilikishi vya ngeli ya 9 na 10, na kwamba ma- ilikuja kuongezwa juu yake. Si lazima mwanafunzi awe sahihi katika dhana hiyo. Alama zinatolewa kwa kuona tatizo na kulitafutia sababu inayoendana na data aliyopewa, na mwongozo hauna budi kusema hivyo kwa maandishi kabla hati ya kwanza haijafunguliwa.

Mwaka unaofuata mhadhiri habadilishi mada, anabadilisha sentensi. Anaweza kuwatuma wanafunzi wenyewe wazilete kutoka sokoni, katika daladala au katika magazeti. Desa la majibu ya mwaka jana litawasaidia wanafunzi, naam, lakini litawasaidia kwa njia iliyo halali: litakuwa mfano wa namna ya kufikiri.

Mshororo ulioharibiwa kwa makusudi

Katika fasihi, mada inayolingana na hiyo kwa kuchakaa ni mgogoro wa ushairi. Kila mwanafunzi anajua kwamba Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, kwamba Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974 akavunja desturi ya vina na mizani, na kwamba Mulokozi na Kahigi waliitetea njia pana zaidi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Anaweza kuipanga hoja ya kila upande. Wengi wao, hata hivyo, hawawezi kuhesabu mizani kwa sikio, na wengi zaidi hawajawahi kujiuliza kwa nini mshororo wa shairi huru umekatwa pale ulipokatwa na si neno moja mbele.

Mazoezi mawili yanafaa hapa, nayo hayahitaji vifaa vyovyote. Katika la kwanza, mhadhiri anachukua shairi la tarbia lenye mizani 16 kwa kila mshororo na kuuharibu mshororo mmoja: anaweka neno lenye maana ileile lakini lenye silabi pungufu, au anakihamisha kina cha kati. Wanafunzi wanasomewa shairi mara mbili bila kuliona, kisha wanatakiwa kuutaja mshororo ulioguswa, kuutengeneza, na kueleza marekebisho yao yameigharimu nini maana. Katika zoezi la pili, shairi huru linaandikwa kama aya moja ya nathari, bila jina la mtunzi. Mwanafunzi analikata mwenyewe kuwa mishororo, anatetea kila mkato, na ndipo anapoonyeshwa jinsi mtunzi alivyolikata. Baada ya hapo mjadala wa mapokeo na usasa huwa jambo ambalo mwanafunzi amelionja ulimini mwake, na insha zake hubadilika. Hata yule anayemuunga mkono Abedi humuunga mkono akijua anatetea nini.

Shairi la mtihani liwe fupi. Beti nne zinatosha, kwa sababu mwanafunzi hana budi kulisoma mara tatu kabla ya kuandika. Liwe pia na maelezo ya maneno yasiyo ya kawaida. Shairi la Mombasa lenye mato kwa macho, ndia kwa njia na kitwa kwa kichwa linampa mwanafunzi wa Mvita nafuu ambayo mwenzake wa Iringa hana, na nafuu hiyo haihusiani na uwezo wa kuhakiki. Kama kinachopimwa ni ujuzi wa lahaja, maelezo yasiwekwe. Kama ni uhakiki, yawekwe. Kinyume chake pia hutokea, nacho hakisemwi sana: mwanafunzi wa pwani hudhaniwa kuwa hodari wa ushairi kabla hajafungua kinywa, haulizwi maswali darasani, na hupita kwa lafudhi yake hadi siku ya mtihani inapomwaibisha.

Kosa, lahaja na kalamu nyekundu

Ni katika kusahihisha lugha ya majibu ambamo idara za Kiswahili hujikanganya zaidi. Katika kozi ya isimujamii, mwanafunzi hufundishwa kwamba uteuzi wa Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, vilikuwa maamuzi ya kiutawala, na kwamba hakuna lahaja iliyo bora kuliko nyingine kwa asili yake. Wiki inayofuata anarudishiwa insha iliyojaa wino mwekundu, bila tofauti kati ya umbo la lahaja, kosa la tahajia na hoja mbovu. Yote matatu yametiwa alama ileile ya mkwaju.

Si kwamba usanifu usidaiwe. Mwalimu mtarajiwa hana budi kuuweza. Lakini udaiwe waziwazi: mwanafunzi aambiwe mwanzoni mwa muhula kwamba majibu yataandikwa kwa Kiswahili sanifu, na kwamba katika swali la alama 20 lugha itapewa, tuseme, alama 4, zisizozidi hapo. Kosa linalojirudia lihesabiwe mara moja. Anayeandika "hanza" kwa anza na "zambi" kwa dhambi amefanya makosa ambayo yanaweza kurekebishwa kwa nusu saa ya mazoezi. Kumnyang'anya alama moja kila neno linapotokea ni kumpima jambo lilelile mara ishirini. Vivyo hivyo kwa anayechanganya l na r kwa kuwa lugha yake ya kwanza haizitofautishi. Makosa haya, tena, ni data nzuri ya fonolojia, na mhadhiri mwenye busara huyapeleka darasani yakiwa hayana jina la mtu.

Yapo makosa yanayogusa maana, na hayo yawe na uzito wao. Mwanafunzi aliyejadili "samani ya fasihi katika jamii" katika kurasa nne alimaanisha thamani, na msahihishaji anajua hivyo. Atacheka, ataandika herufi mbili pembeni, na atampa haki yake kwa hoja. Lakini anayeandika kwamba kishazi tegemezi ni "kisichotegemea" hakukosea tahajia.

Suala la istilahi linahitaji upole zaidi. Kile ambacho mmoja anakiita tashihisi, mwingine amefundishwa kukiita uhuishi; yupo wa tashibiha na yupo wa tashbihi. Kwa kuwa wanafunzi sasa huvuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanzania kusoma, mwongozo wa kusahihishia uorodheshe majina yote yanayokubalika. Kumfelisha mtu kwa sababu alisoma kitabu cha upande wa pili wa mpaka ni kuukana usanifishaji wenyewe.

Hati mia nne

Mwaka 1912 nchini Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walipeleka nakala za hati mbili za mtihani wa Kiingereza kwa walimu zaidi ya 100 wa shule za sekondari. Hati moja na ileile ilipewa alama zilizoachana kwa zaidi ya 30 katika 100. Wengi walisema kwamba ndivyo ilivyo kwa masomo ya lugha. Basi mwaka 1913 wakachapisha matokeo ya jaribio kama hilo kwa hati ya jiometri, na mwachano ukawa mkubwa zaidi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na hakuna sababu ya kuamini kwamba wahadhiri wa Kiswahili wameumbwa tofauti na walimu wale.

Hesabu yenyewe inatisha. Darasa la wanafunzi 400 kwa dakika 15 kila hati ni saa 100 za kusahihisha, yaani siku 12 na nusu za saa nane, bila kula wala kufundisha. Hakuna anayeisahihisha hati ya 380 kwa macho aliyoisahihishia ya tatu. Kwa hiyo mambo machache ya kawaida, yasiyo na gharama, yana faida kubwa. Swali la kwanza lisahihishwe katika hati zote kabla ya kwenda swali la pili. Hivyo kipimo hubaki kimoja akilini, na mwanafunzi aliyeanza vizuri habebwi na sifa yake hadi mwisho. Hati zichanganywe kabla ya kila swali, ili asiwepo anayesomwa daima usiku wa manane. Namba itumike badala ya jina. Hati kumi za mwanzo zisomwe bila kupewa alama, mwongozo urekebishwe kulingana na zilivyoonyesha, na ndipo kazi ianze. Wakiwapo wasahihishaji wawili au zaidi, hati hizo kumi zisomwe na wote, kila mmoja peke yake, kisha wakae wabishane. Ubishi wa saa mbili siku hiyo huokoa rufaa nyingi baadaye. Mtahini wa nje huja mwishoni na kuona sampuli tu. Hawezi kuurudisha uadilifu uliopotea mezani.

Jambo la mwisho kuhusu hati ni idadi ya maswali. Karatasi inayotaka insha nne kwa saa tatu humpa mwanafunzi dakika 45 kwa kila moja, muda unaotosha kumimina alichokariri na hautoshi kufikiri. Maswali mawili yenye data, na moja fupi la dhana za msingi, hupima zaidi na husahihishwa kwa muda mfupi. Hili lingefaa kufanywa hata kama lisingekuwa na faida nyingine yoyote.

Kazi za muhula na mashine iandikayo

Katika vyuo vingi vya Tanzania kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Vingi vya Kenya hutumia 30 na 70. Alama hizo ni nyingi mno kupotezwa kwa jaribio moja la katikati ya muhula na mawasilisho ya kundi la watu kumi na wawili ambamo wawili wanafanya kazi na kumi wanaandika majina.

Utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliokisoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Kwa mhadhiri mwenye watu 400 maana yake ni rahisi: dakika tano za mwanzo wa mhadhara, daftari zikiwa zimefungwa, kila mtu aandike mambo matatu ya mhadhara uliopita na swali moja alilobaki nalo. Karatasi hizo si lazima zipewe alama. Zikisomwa ishirini tu kati yake, mhadhiri atajua darasa limekwama wapi. Naye Ruth Butler alionyesha mwaka 1988, kwa watoto wa shule nchini Israeli, kwamba waliopewa maoni bila alama waliendelea vizuri kuliko waliopewa alama pamoja na maoni. Alama ilipokuwepo, maoni hayakuleta faida. Watu wazima wa chuo kikuu si watoto wale, lakini yeyote aliyepata kugawa insha darasani ameona jinsi karatasi inavyofunuliwa hadi penye namba, kisha ikakunjwa. Rasimu ya insha irudishwe na maoni tu, na alama ingoje nakala ya pili. Na irudishwe kabla ya mtihani.

Tangu mwisho wa mwaka 2022, programu za akili unde kama ChatGPT zimeifanya hoja hii yote kuwa ya haraka. Programu hizo zinaandika Kiswahili, na swali la "Fasihi ni nini? Jadili dhima zake" huzipendeza sana: dhima saba zinapatikana kwa dakika moja, kwa sentensi zilizonyooka na zisizo na mtu ndani yake. Ikiwa mashine inaweza kupata 14 katika 20 kwa kazi ya muhula, dosari imo katika swali, nayo ilikuwamo kabla ya mashine kuja. Vita vya kuwasaka wanafunzi kwa programu za kugundua maandishi ya mashine havina heshima wala uhakika. Humtia hatiani anayeandika vizuri na kumwacha aliyejua kuficha.

Kozi ya fasihi simulizi ina njia yake, ya zamani kuliko kompyuta. Mwanafunzi anakwenda kwa msimulizi mmoja anayemfahamu, kwa idhini yake, anarekodi ngano moja au nyiso chache, ananukuu maneno kama yalivyosemwa pamoja na vituo, vicheko na maswali ya wasikilizaji, kisha anaandika kurasa sita za uchambuzi. Kisha anaitwa kuhojiwa kwa dakika tano. Kwa darasa la watu 400 hizo ni saa 33, na hakuna idara yenye saa hizo; basi ipigwe kura, mmoja katika kila watano aitwe, jumla wawe 80, ambao kwa pamoja hawafiki saa saba. Mahojiano yasiwe na alama za peke yake, yathibitishe tu kwamba kazi ni ya mwenyewe. Na kwa kuwa hakuna ajuaye nani ataitwa, wote hujiandaa. Maswali yenyewe ni mepesi kwa aliyekuwapo. Nani aliketi karibu na msimulizi? Alipofika pale fisi alipodanganywa, alibadilisha sauti au hakubadilisha? Wasikilizaji walicheka wapi, na kwa nini hapo?